UCHAMBUZI: Ubia wa mashirika makubwa ya ndege waacha safari fupi za kanda njia panda

Mnamo Desemba 2022, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani alitamka bayana kwamba Kenya ilikuwa tayari kuuza hisa zake zote katika shirika la ndege la Kenya Airways, na kwamba alikuwa amezungumza na wakuu wa shirika la Delta kuhusu suala hilo. Hisa hizo hazikununuliwa. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila serikali inapotaja mwekezaji wa kimkakati wa KQ, mjadala huelekea upande ule ule: ndege ngapi zitaruka hadi London, ngapi zitaruka hadi New York, na ni nani atakayeubeba mzigo wa madeni.

Swali ambalo halisikiki sana ni la safari fupi. Mgeni huyo akija na mkataba wake mkononi, safari ya Kisumu itakuwaje? Na ya Entebbe, ya Kilimanjaro, ya Lilongwe, ya Ukunda?

Si swali la kupuuzwa. Mashirika makubwa ya ndege duniani hayashindani tena kama zamani. Yameungana kwa mikataba ya ubia, na mikataba hiyo ndiyo huamua ni kitovu kipi kitakachonawiri na kipi kitakachofifia. Shirika dogo la kanda, lenye ndege za viti 70 au 100, aghalabu halikai mezani mikataba hiyo inapotiwa sahihi. Hujulishwa tu matokeo.

Ni vyema kwanza msomaji aelewe ubia huu ni kitu gani, maana majina ya ushirikiano wa mashirika ya ndege ni mengi na huchanganya. Ngazi ya chini kabisa ni kukubaliana kupokea tiketi za mwenzako. Ya pili ni kugawana nambari za safari, ambapo ndege moja huuzwa kwa majina ya mashirika mawili au zaidi. Ya tatu ni miungano mikubwa kama vile SkyTeam, Star Alliance na Oneworld. Ngazi ya juu ndiyo ubia wenyewe. Hapa mashirika mawili hupanga nauli pamoja, hupanga saa za kuondoka pamoja, kisha hutia mapato ya njia fulani katika chungu kimoja na kugawana. Kwa washirika wa namna hii haijalishi abiria amepanda ndege ya nani. Muradi amesafiri, fedha huingia mfukoni mwa wote.

Kwa kuwa kupanga nauli pamoja ni kosa chini ya sheria za ushindani za mataifa mengi, ubia wa aina hii huhitaji idhini maalumu. Ile iliyofungua njia ilitolewa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani mwanzoni mwa 1993 kwa mashirika ya Northwest ya Marekani na KLM ya Uholanzi, miezi michache baada ya nchi hizo mbili kukubaliana kufunguliana anga. Takriban kila ubia mkubwa uliofuata, ukiwemo ule wa Delta na Air France-KLM wa 2009 na ule wa American Airlines, British Airways na Iberia wa 2010, ulifuata nyayo hizo.

Mfano wa kwanza wa athari kwa safari fupi unatoka huko huko. Mji wa Memphis katika jimbo la Tennessee si mkubwa sana, na wakazi wake peke yao hawangeweza kuijaza ndege kubwa ya kwenda Ulaya. Lakini mnamo 1995 ubia wa Northwest na KLM ulianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Memphis hadi Amsterdam. Iliwezekana kwa sababu moja tu: ndege ndogo za kampuni ya Pinnacle, iliyokuwa na makao yake mjini humo, zilikusanya abiria kutoka miji midogo ya kusini mwa Marekani na kuwaleta Memphis. Ndege kubwa ilizitegemea ndege ndogo, nazo ndege ndogo zilipata kazi kwa sababu ya ile kubwa.

Kisha Northwest ikamezwa na Delta mnamo 2008. Delta ilikuwa na kitovu kikubwa zaidi mjini Atlanta na ikarithi kingine cha Northwest mjini Detroit. Ndani ya ubia, abiria wa Amsterdam alikuwa na thamani ile ile apitie Memphis au Atlanta, na Atlanta ilikuwa rahisi zaidi kuiendesha. Safari ya Amsterdam ilikatizwa Septemba 2012, na mwaka uliofuata Delta ikafunga kitovu cha Memphis kabisa, ikisema ndege za viti 50 hazilipi tena. Pinnacle yenyewe ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Aprili 2012. Baadaye ilihamia Minneapolis na kubadilishwa jina kuwa Endeavor.

Bei ya mafuta ilichangia, na uzee wa ndege zile ndogo pia. Lakini funzo kwa mtu wa Nairobi li wazi. Ubia unaweza kuuinua mji ambao usingeinuka wenyewe, kisha ubia huo huo, hesabu zikibadilika, ukauacha bila kinyongo wala kwaheri.

Turudi nyumbani. Kenya Airways iliundwa mnamo 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways. Ilipobinafsishwa, KLM ilinunua asilimia 26 ya hisa kwa dola milioni 26, na mnamo 1996 hisa nyingine zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Ulikuwa wakati wa matumaini. Kwa miaka mingi KQ ilitajwa katika makongamano ya Benki ya Dunia na kwingineko kuwa kielelezo cha jinsi shirika la umma la Kiafrika linavyoweza kufufuliwa.

Wazo la msingi lilikuwa rahisi. KLM ingemleta abiria kutoka Ulaya hadi Nairobi kupitia Amsterdam, nayo KQ ingempokea na kumsambaza Afrika Mashariki, Kati na Magharibi. Wa kutoka Afrika angefanya safari hiyo kinyume. Ndiyo sababu KQ ilijenga mtandao mpana wa miji ya Afrika kwa ndege za wastani, na hatimaye kukusanya kundi kubwa la ndege aina ya Embraer. Mnamo 2003 ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, ambayo ndege zake za mapangaboi za ATR ziliweza kufika viwanja ambavyo ndege kubwa hazingethubutu kutua. Katika karatasi, mnyororo ulikamilika: Mwanza hadi Nairobi, Nairobi hadi Amsterdam, Amsterdam hadi popote.

Lakini KLM haikuufunga mlango wake mwingine. Kwa miaka hiyo yote iliendelea kuruka yenyewe kutoka Amsterdam hadi Kilimanjaro na Dar es Salaam, na hadi Entebbe. Mnamo 2010 ikaongeza Kigali. Mtalii Mholanzi anayekwenda Serengeti hakulazimika kuiona Nairobi kamwe. Haikuwa hila yoyote, kwani haki za kutua zilikuwepo kihalali. Ila inaonyesha kwamba ubia humfunga kila mshirika kwa kiasi anachokubali kufungwa, na mwenye ndege kubwa ana njia nyingi za kumzunguka mwenye ndege ndogo.

Precision Air iliuza hisa kwa umma mnamo 2011 na sehemu ya KQ ikapungua hadi takriban asilimia 41. Baada ya hapo mambo yalienda mrama. Serikali ya Tanzania ilianza kuifufua Air Tanzania mnamo 2016 kwa ndege mpya zilizonunuliwa na dola, na Precision ikajikuta kati ya shirika lenye mkono wa serikali upande mmoja na mshirika wa Nairobi aliyekuwa mgonjwa upande wa pili. KQ yenyewe ilikuwa imepata hasara ya Sh25.7 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2014/15 na Sh26.2 bilioni mwaka uliofuata. Mgonjwa hawezi kumuuguza mgonjwa mwenzake.

Hapa inafaa tuzame katika hesabu, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wanasiasa hupapita haraka.

Tuseme abiria wa Kisumu ananunua tiketi ya kwenda Amsterdam kwa Sh100,000. Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ni kilomita 265 hivi. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita zinazokaribia 6,700. Ukizigawa fedha hizo kwa umbali mtupu, kipande cha Kisumu kitapata chini ya Sh4,000. Sekta ya ndege hutumia fomula zinazokiongezea kipande kifupi kiasi fulani, na mashirika huweza kukubaliana viwango maalumu, lakini mwelekeo hubaki ule ule: sehemu kubwa ya nauli humwendea mwenye safari ndefu.

Sasa tazama gharama. Ndege hutumia mafuta mengi zaidi inapopaa. Ada ya kutua hulipwa kila inapotua, iwe imesafiri dakika 40 au saa nane. Magurudumu na injini huchakaa kwa idadi ya kupaa na kutua, si kwa saa za angani pekee. Kwa hivyo kila kilomita ya safari fupi ni ghali kuliko kilomita ya safari ndefu. Mapato hugawanywa zaidi kwa umbali ilhali gharama hazifuati umbali.

Je, ndiyo kusema abiria wa kuunganisha ni hasara? La, si lazima. Ikiwa ndege ya Kisumu ingeondoka na viti 20 vitupu, Sh4,000 ni bora kuliko hewa. Lakini wakati wa Krismasi, ndege inapojaa watu wanaoenda nyumbani na kila kiti kina mteja aliye tayari kulipa nauli kamili ya Nairobi hadi Kisumu, kumpa kiti hicho abiria wa Amsterdam ni kumfaidi mtu mwingine. Nani hupata tofauti? Ni ule ubia wa safari ndefu, ambao shirika dogo si mwanachama wake. Shirika kubwa likiwa ndilo mwenye shirika dogo, jambo hilo hufichika ndani ya vitabu vya familia moja. Yakiwa mashirika mawili yenye wenyehisa tofauti, kama KQ na Precision, ni swali la haki.

Marekani walilipatia jibu la namna yao. Mashirika mengi ya kanda huko, kama SkyWest na Republic, hulipwa na shirika kubwa kwa kila saa ya kuruka bila kujali abiria wangapi wamepanda wala nauli imegawanywaje. Shirika dogo hivyo halina hofu ya viti vitupu. Hofu yake ni mkataba kutofanywa upya. Nao marubani wa mashirika makubwa, ambao ubia huwatia wasiwasi kwa kuwa kazi yao inaweza kufanywa na rubani wa Paris au Seoul, wamepigania vifungu viwili katika mikataba yao ya kazi: kwamba shirika lao lipate fungu maalumu la safari zote za ubia, na kwamba ndege za mashirika ya kanda zisizidi viti 76. Kifungu cha pili kinamlinda rubani wa shirika kubwa na kumbana rubani wa shirika dogo. Kila mtu huvutia kamba upande wake.

Nchini Kenya marubani walipiga kelele pia. Chama chao, KALPA, kilidai hadharani mara kadhaa kwamba mkataba na KLM uliwanufaisha Waholanzi zaidi ya Wakenya, na mwaka 2015 Seneti iliunda kamati iliyoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o kuchunguza masaibu ya KQ. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama kwa KLM zilikuwa na ukweli nusu. Hasara zile kubwa zilitokana zaidi na ununuzi wa ndege nyingi kwa wakati mmoja chini ya mpango ulioitwa Mawingu, mikataba ya kununua mafuta kwa bei iliyofungwa, mkurupuko wa Ebola Afrika Magharibi na hofu ya ugaidi iliyowafukuza watalii. Kisichoweza kukanushwa ni kwamba wananchi, ambao serikali yao ina asilimia 48.9 ya hisa tangu mageuzi ya 2017, hawakuwahi kuonyeshwa mkataba wa ubia ulisema nini hasa kuhusu mgawanyo wa mapato. Tulikuwa tukibishana kuhusu barua ambayo hatujaisoma.

Katika mageuzi hayo ya 2017 hisa za KLM zilishuka hadi asilimia 7.8. Air France ikarejea Nairobi Machi 2018 baada ya kutokuwepo kwa miaka mingi, nayo KQ ikaanza kuruka moja kwa moja hadi New York Oktoba mwaka huo huo. Kisha janga la corona likaja na kuvunja hesabu za kila mtu. Mnamo 2021 pande zote zikakubaliana kuumaliza ubia kufikia Septemba, huku ushirikiano wa kugawana nambari za safari na uanachama wa SkyTeam, ambao KQ ilikamilisha mnamo 2010, ukiendelea.

Mbingu hazikuanguka. KQ iliendelea kuruka Amsterdam na KLM ikaendelea kuruka Nairobi. Katika mwaka wa 2024 KQ ilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja, ingawa nusu ya kwanza ya 2025 iliirudisha kwenye hasara ndege zake kadhaa kubwa aina ya 787 zilipokosa kuruka kwa uhaba wa injini na vipuri. Haingekuwa haki kusema kuvunjika kwa ubia ndiko kulikoleta faida. Lakini wale walioonya kwamba bila KLM shirika lingekufa, nao hawakuwa na haki.

Safari fupi za ndani nazo zilikwisha kupata mlezi mwingine. Jambojet, kampuni tanzu ya KQ iliyoanza kuruka Aprili 2014, iliingia sokoni kwa nauli nafuu, ikijenga biashara yake juu ya Mkenya anayetoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi au Ukunda na kurudi. Abiria huyo hategemei saa ya kuondoka kwa ndege ya Amsterdam. Hapo, kwa maoni yangu, kuna siri kubwa kuliko inavyosemwa. Ndege ya kulisha kitovu hupangiwa saa kulingana na ile kubwa, na kwa kuwa ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi usiku, anayekwenda mjini kwa biashara ya siku moja huambulia saa zisizomfaa. Ndege inayoishi kwa abiria wa hapa hapa huondoka asubuhi na kurudi jioni.

Visiwa vya Ushelisheli vinajua upande mchungu zaidi. Mnamo 2012 shirika la Etihad la Abu Dhabi lilinunua asilimia 40 ya Air Seychelles. Kwa muda mambo yalipendeza. Kisha Etihad yenyewe ikaanza kuyumba, na mwanzoni mwa 2018 Air Seychelles ikatangaza kuacha safari ya Paris na kurudisha ndege zake mbili kubwa. Shirika lililokuwa la kimataifa likabaki kuwa la kanda na la kuvusha watu kati ya Mahé na Praslin. Mwaka 2021 serikali ikazichukua tena zile hisa, na miezi michache baadaye shirika likawekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni.

Ethiopia ilichagua njia tofauti. Ethiopian Airlines, mali ya serikali, ilijiunga na Star Alliance mnamo 2011, lakini haikumpa shirika la Ulaya hisa zake. Badala yake ndiyo iliyokwenda kununua hisa kwa wengine: ASKY ya Lomé, iliyoanza kuruka 2010, kisha asilimia 49 ya shirika la Malawi. Katika mnyororo wake, yenyewe ndiyo KLM na wengine ndio Precision. Si kwamba kila ubia wake umezaa faida, wala si kwamba Mmalawi anayeshikilia asilimia 51 hana maswali yale yale tuliyokuwa nayo sisi Nairobi.

Mfano unaostahili kuchunguzwa zaidi ni wa Airlink ya Afrika Kusini. Kwa zaidi ya miaka 20 iliruka chini ya kivuli na nambari za South African Airways. SAA ilipofilisika na kuwekwa chini ya wasimamizi Desemba 2019, wengi walidhani Airlink itazama nayo. Ilijitenga mnamo 2020, ikaanza kuuza tiketi kwa jina lake, kisha ikatia sahihi mikataba na mashirika mengi ya safari ndefu kwa wakati mmoja. Aliyetaka kumfikisha abiria wake Maputo, Windhoek au Skukuza alilazimika kuzungumza nayo. Agosti 2024 Qatar Airways ilitangaza kununua asilimia 25 ya hisa zake. Iwapo Airlink itaendelea kuwahudumia washindani wa Qatar kwa masharti sawa ndilo jambo la kutazamwa.

Linganisha na hali yetu. Jambojet ni mali ya KQ kwa asilimia 100. Mwekezaji atakayeingia KQ ataingia pia Jambojet bila kulipia mlango wa pili. Akiwa na kitovu chake Doha, Istanbul, Atlanta au Paris, atataka ndege hizo ndogo zimlishe yeye. Pwani nako kuna mvutano wake: wenye hoteli wamelalamika kwa miaka mingi kwamba serikali huyabana mashirika ya kigeni yasitue Mombasa kwa wingi ili abiria wapitie Nairobi. Flydubai ilipoanza safari za Mombasa Januari 2024, ilishangiliwa kuliko kawaida. Kila mtalii anayetua Moi moja kwa moja ni kiti kimoja kitupu zaidi kwa ndege ya kutoka Nairobi, na ni chumba kimoja zaidi kilichojaa Diani. Mkataba wowote wa ubia utalazimika kuchagua kati ya hayo mawili, hata usipoandika hivyo.

Kuna pia suala la haki za kutua. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia safari za KQ kati ya Nairobi na Dar es Salaam kwa sababu ya mzozo kuhusu ndege ya mizigo ya Air Tanzania, na mzozo ukatatuliwa kwa siku chache. Afrika imekuwa na Azimio la Yamoussoukro tangu 1999 na soko la pamoja la anga lililozinduliwa 2018, lakini bado waziri mmoja anaweza kukata mnyororo mzima wa ubia kwa barua. Marekani nako idhini si ya milele. Septemba 2025 Wizara ya Uchukuzi iliagiza Delta na Aeromexico zivunje ubia wao, ikilalamikia jinsi Mexico ilivyoshughulikia nafasi za kutua katika uwanja mkuu wa mji wake, na mashirika hayo yakakimbilia mahakamani.

Kwa hivyo mkataba ujao wa KQ ukiletwa Bungeni, iwapo utaletwa, wabunge hawana budi kuuliza mambo machache yenye uzito. Kipande cha Kisumu au Entebbe kitapata shilingi ngapi katika kila tiketi ya Ulaya, na fomula itabadilishwa na nani? Mshirika ataruhusiwa kuruka mwenyewe hadi Entebbe, Kigali na Mombasa, au atabanwa kwa idadi fulani ya safari? Jambojet itakuwa huru kuwabeba abiria wa mashirika mengine kama Airlink ilivyofanya? Na mshirika akijitoa, kama Etihad ilivyojitoa Ushelisheli, ndege zilizokodishwa kwa ajili ya mpango wake zitalipiwa na nani?

Mkataba wa 1996 haukuwahi kujadiliwa kwa maswali ya namna hiyo mbele ya umma. Wakati huo serikali ilikuwa ikiuza. Safari hii ndiyo mwenyehisa mkubwa zaidi, na madeni ambayo mwekezaji atataka yaondolewe kwanza yamedhaminiwa kwa fedha za mlipa ushuru, yule wa Kisumu akiwemo.